Kuunganisha Mifumo ya Mahudhurio ya Watumishi na Huduma za Wingu kwa Mitiririko ya Kazi ya Otomatiki: Mfano wa Mazingira ya Hombolo, Dodoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu za kumbukumbu za mahudhurio ya watumishi zinavyounganishwa na huduma za wingu kwa kutumia mitiririko ya kazi inayojiendesha. Mfano unaotumika ni mazingira ya Hombolo, mkoani Dodoma, ambako ofisi za umma, vituo vya huduma na kazi za mashambani hukaa pamoja. Makala inafafanua sehemu za mfumo huo, inabainisha mahali ambapo mnyororo wake hukatika, na inajenga hoja kuwa ukimya wa kifaa hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa utoro. Kwa sababu hiyo, mfumo unaofaa ni ule unaotambua hali tatu: yupo, hayupo na haijulikani; na unaoacha uamuzi unaogusa mshahara au nidhamu mikononi mwa binadamu.

1.0 Utangulizi

Hombolo ipo takriban kilometa 40 kaskazini mashariki mwa mji wa Dodoma, katika nyanda kame za kati za Tanzania. Eneo hilo linafahamika kwa bwawa lake, lililojengwa katika miaka ya 1950, na kwa kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia mazao yanayostahimili ukame, hususani mtama na uwele. Vilevile, hapo ndipo kilipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1994. Miongoni mwa fani zinazofundishwa katika chuo hicho ni utawala wa serikali za mitaa, usimamizi wa rasilimaliwatu, uhasibu na maendeleo ya jamii.

Nafasi hiyo inaifanya Hombolo kuwa mfano unaofaa kwa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, wahitimu wa fani hizo huajiriwa kuwa maafisa utumishi, wahasibu na watendaji katika halmashauri. Wao ndio watakaoulizwa ni kanuni gani iwekwe ndani ya mfumo wa mahudhurio. Pili, kazi za umma katika eneo la aina hii hazifanani. Wapo wanaoketi ofisini tangu asubuhi hadi alasiri, wapo wauguzi wanaofanya kazi kwa zamu, na wapo maafisa ugani ambao ofisi yao halisi ni shamba la mkulima. Mfumo mmoja wa kuhesabu saa hauwezi kuwatendea haki wote iwapo haukubuniwa kwa kuzingatia tofauti hizo.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: kumbukumbu ya kuingia na kutoka kazini inapochukuliwa na mashine, ikasafirishwa kwa mtandao na kuwa sababu ya malipo au adhabu bila mtu kuipitia, ni kitu gani kinaweza kupotea njiani?

2.0 Usuli: Kutoka Kipande hadi Alama ya Kidole

Kuhesabu muda wa kazi si jambo geni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande. Hati hiyo ilikuwa na alama za vidole pamoja na kumbukumbu za ajira, na ilivaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, neno kipande lilitumika kwa kadi ambayo siku za kazi zilitiwa alama, na mfanyakazi alilipwa baada ya kutimiza siku 30 za kazi. Siku ambayo haikutiwa alama haikuhesabiwa, na mwenye mamlaka ya kutia alama alikuwa msimamizi.

Huko Marekani, Willard Bundy wa Auburn, New York, alipata hataza ya saa ya kurekodi mahudhurio mwaka 1890. Kampuni iliyotokana na uvumbuzi huo iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1911 ikawa sehemu ya kampuni ambayo tangu mwaka 1924 inajulikana kwa jina la IBM. Hivyo, uhusiano kati ya saa ya mlangoni na mashine za kuchakata taarifa una umri wa zaidi ya karne moja.

Katika ofisi na shule nyingi za Tanzania, chombo kilichozoeleka ni daftari la mahudhurio. Mtumishi huandika jina, muda na sahihi. Muda uliowekwa ukifika, msimamizi hupiga mstari mwekundu, na anayesaini chini ya mstari huo huhesabiwa kuwa amechelewa. Daftari hilo lina udhaifu unaofahamika: mtu anaweza kumsainia mwenzake, na muda unaoandikwa unaweza kuwa si muda halisi. Hata hivyo, lina ubora mmoja ambao haupaswi kusahaulika. Anayepiga mstari ni mtu anayeweza kujua kwamba gari limeharibika njiani au kwamba mwalimu fulani ametumwa halmashauri.

Msukumo wa kuachana na daftari uliongezeka baada ya zoezi la uhakiki wa watumishi lililoanza mwaka 2016, ambapo watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Majina ya waliokufa, waliostaafu na walioacha kazi yalikuwa yakiendelea kulipwa. Hapo ilidhihirika kuwa kumbukumbu za mahali pa kazi na kumbukumbu za mishahara zilikuwa mbalimbali. Kuziunganisha kukaonekana kuwa tiba.

3.0 Mtiririko wa Kazi wa Otomatiki Unavyofanya Kazi

Mfumo unaojadiliwa una sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni kifaa cha kuchukulia kumbukumbu, ambacho kinaweza kuwa kisoma alama za vidole kilichofungwa mlangoni, kadi, au programu ya simu. Sehemu ya pili ni programu ya mahudhurio, ambayo hupokea matukio kutoka kwenye kifaa na kuyapanga kwa jina, tarehe na zamu. Sehemu ya tatu ni huduma za wingu, yaani kompyuta zilizo mbali zinazohifadhi kanzidata na kuendesha programu kwa njia ya intaneti. Sehemu ya nne ni mtiririko wa kazi unaozifunga sehemu hizo pamoja.

Mtiririko wa kazi wa otomatiki hujengwa kwa vitu vitatu: kichocheo, sharti na kitendo. Kichocheo ni tukio linaloamsha mtiririko, kwa mfano mtumishi kugusa kifaa saa 1:25 asubuhi. Sharti ni swali ambalo mfumo hujiuliza: je, mtumishi huyu yupo likizo? Je, zamu yake inaanza saa ngapi? Kitendo ni kile kinachofuata, kama vile kuandika mstari katika jedwali la mwezi, kumtumia msimamizi ujumbe, au kupeleka jumla ya saa katika programu ya mishahara.

Programu mbili hazizungumzi kwa kuonana, bali kupitia viunganishi vya programu. Kiunganishi ni mlango rasmi ambao programu moja huufungulia nyingine, pamoja na masharti ya nini kinaweza kuombwa na nani anaruhusiwa kuomba. Ujumbe hupita katika mlango huo kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, programu inayopokea hupiga hodi kila baada ya muda fulani na kuuliza iwapo kuna jambo jipya. Katika njia ya pili, programu ya mahudhurio yenyewe hupeleka taarifa mara tu tukio linapotokea. Njia ya pili ni ya haraka zaidi, lakini inahitaji mpokeaji awe hewani wakati wote, au kuwe na foleni inayohifadhi ujumbe mpaka apatikane.

Zipo huduma zilizoundwa mahususi kwa kazi ya kuunganisha. Zapier ilianzishwa Marekani mwaka 2011. Microsoft ilitoa huduma ya Flow mwaka 2016 na kuibadili jina kuwa Power Automate mwaka 2019, mwaka ambao pia ilianzishwa n8n nchini Ujerumani. Tofauti yenye umuhimu kwa taasisi ya Tanzania ni kwamba n8n inaweza kusimikwa katika seva ya taasisi yenyewe, ilhali huduma nyingine hupitisha taarifa katika seva za mwenye huduma, ambazo aghalabu zipo nje ya nchi. Kwa upande wa Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao inasimamia GovESB, mfumo unaowezesha mifumo ya taasisi za umma kubadilishana taarifa ndani ya utaratibu mmoja.

4.0 Mahali Ambapo Mnyororo Hukatika

4.1 Ukimya wa Kifaa

Taarifa ya mahudhurio husafiri kutoka kifaa hadi wingu kupitia umeme na mtandao. Kimojawapo kikikosekana, taarifa haifiki. Kifaa kilichochaguliwa vizuri huwa na betri na huhifadhi maelfu ya kumbukumbu ndani yake hadi mawasiliano yarudi. Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi lipo katika namna mpokeaji anavyotafsiri kutofika kwa taarifa.

Ichukuliwe kwamba sharti limeandikwa hivi: ikifika saa 4:00 asubuhi bila kumbukumbu ya mtumishi, aandikwe kuwa hayupo. Sharti hilo linaonekana kuwa sahihi pale mjini ambako mtandao haukatiki. Katika kituo cha vijijini, kukatika kwa mawasiliano kwa wiki moja na siku kadhaa kutawafanya watumishi wote wa kituo waonekane hawakufika kazini kwa zaidi ya siku tano mfululizo. Katika utumishi wa umma, kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Mtiririko ulioandikwa bila uangalifu unaweza kuzalisha barua za kujieleza kwa watu waliokuwa wakihudumia wagonjwa siku zote hizo.

Kinyume chake pia ni hatari. Mawasiliano yanaporejea, kifaa hupeleka kumbukumbu zote kwa mkupuo, na mara nyingine hupeleka kumbukumbu ileile mara mbili kwa sababu hakikupata jibu la awali. Kila tukio lisipopewa namba yake isiyojirudia, saa za ziada za mtu mmoja zinaweza kuhesabiwa mara mbili na fedha za umma zikalipwa kwa kazi ambayo haikufanyika.

4.2 Saa ya Kifaa na Saa ya Watu

Tanzania ipo saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, UTC, ambayo huduma nyingi za wingu huitumia kuhifadhi matukio. Tukio la saa 8:00 usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni, ambalo kifaa huliandika 02:00, huhifadhiwa katika wingu kuwa 23:00 ya tarehe 31 Mei. Ripoti inayosoma saa ya wingu bila kuigeuza italiweka tukio hilo katika siku na mwezi usio wake.

Zamu ya usiku huongeza ugumu. Muuguzi anayeingia saa 2:00 usiku tarehe 31 Mei na kutoka saa 1:30 asubuhi tarehe 1 Juni amefanya kazi kwa saa 11 na nusu. Jedwali linalotoa muda wa kuingia, 20:00, katika muda wa kutoka, 07:30, bila kutazama tarehe litampa saa 12 na nusu chini ya sifuri. Baadhi ya mifumo huzifuta namba za aina hiyo kimyakimya, na muuguzi akabaki bila saa hata moja. Kosa hilo linaangukia hasa saa ambazo zina thamani zaidi kisheria, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku, kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, kuwa muda wenye nyongeza ya malipo.

Lipo pia tatizo linalotokana na lugha. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia macheo. Mtumishi anayejaza fomu ya marekebisho na kuandika 2:00 anakusudia saa mbili asubuhi. Mashine inasoma saa nane usiku. Tofauti ni saa sita kamili. Fomu inayouliza muda kwa maneno, kama vile saa mbili asubuhi, kisha ikaugeuza yenyewe, huondoa kosa hilo kwa urahisi kuliko semina ya kuwafundisha watu saa ya mashine.

4.3 Kazi Isiyopita Mlangoni

Nyanda za kati hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Huo ndio wakati ambao afisa ugani anahitajika zaidi mashambani: kukagua upandaji wa mtama, kutazama wadudu, kuonana na wakulima kabla hawajatawanyika. Kwa hiyo, kazi yake inapoongezeka ndipo mahudhurio yake ofisini yanapopungua. Kifaa cha mlangoni kitamwonesha kuwa bora zaidi katika miezi ambayo hana kazi nyingi. Kipimo cha aina hiyo, kikiunganishwa moja kwa moja na tathmini, humfundisha mtumishi kukaa ofisini.

Aidha, alama za vidole hazisomeki kwa usawa kwa watu wote. Ngozi iliyochakaa kwa jembe, saruji au sabuni kali hutoa alama hafifu. Vibarua, mafundi na wafanya usafi hukataliwa na kifaa mara nyingi kuliko makarani, na hao ndio wenye kipato kidogo na sauti ndogo ya kulalamika.

5.0 Sheria na Mipaka ya Uamuzi wa Mashine

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inahesabu taarifa za kibayometriki kuwa taarifa nyeti. Sheria hiyo pia inaweka masharti kwa taarifa binafsi zinazosafirishwa nje ya nchi, na inampa mtu haki kuhusiana na uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Kwa taasisi inayokusudia kuunganisha mahudhurio na wingu, masharti hayo matatu yanagusa kila hatua: kinachochukuliwa, kinakopelekwa na kinachoamuliwa.

Kwa upande wa malipo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, pamoja na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Vikomo hivyo vinaweza kuandikwa kuwa masharti ndani ya mtiririko ili msimamizi apate onyo kabla mfanyakazi hajavuka. Hapa otomatiki humlinda mfanyakazi, jambo ambalo waajiri wengi hulisahau kwa sababu hununua mfumo kwa nia ya kumdhibiti. Sheria hiyohiyo inabana makato katika mshahara. Kwa hiyo, kitendo kinachopunguza mshahara kwa sababu tu kifaa hakikupokea alama kinaweza kuwa kinyume cha sheria hata kama programu imefanya kazi kama ilivyoagizwa.

Ikumbukwe pia kuwa kuhudhuria si kutenda. Katika mwaka wa fedha 2023/2024, Serikali ilianza kutumia mfumo wa PEPMIS kupima utendaji wa watumishi wa umma badala ya OPRAS. Msingi wa upimaji huo ni majukumu yaliyopangwa na kutekelezwa. Kumbukumbu ya mlangoni inaweza kuwa kielelezo kimoja tu miongoni mwa vingi.

6.0 Muundo Unaopendekezwa

Kutokana na ufafanuzi huo, muundo unaofaa mazingira ya Hombolo na mengine yanayofanana nayo unaweza kujengwa juu ya kanuni tano.

Kwanza, kila siku ya mtumishi ipewe moja ya hali tatu: yupo, hayupo au haijulikani. Kifaa kiwe kinapeleka ishara ya uhai kila baada ya muda mfupi. Ishara hiyo ikikosekana, siku za watumishi wote wa kituo husika zisomeke haijulikani mpaka taarifa ifike au msimamizi athibitishe. Neno hayupo lisiandikwe na mashine ambayo haikuwa hewani.

Pili, alama ya kidole ibaki ndani ya kifaa. Kinachosafiri kwenda kwenye wingu kiwe namba ya mtumishi, muda, namba ya kifaa na namba ya tukio. Taarifa chache hupunguza hatari ya kuvuja na hupunguza pia gharama ya data.

Tatu, muda uhifadhiwe pamoja na tarehe yake kamili na tofauti yake na saa ya ulimwengu, na zamu ihesabiwe kuwa kitu kimoja hata ikivuka usiku wa manane.

Nne, kazi ya nje ya ofisi iwe na mlango wake. Afisa ugani anaweza kutuma ujumbe mfupi wa simu unaotaja kijiji na shughuli, na mtendaji wa kijiji akathibitisha. Ujumbe mfupi hupita hata pale intaneti inapokosekana. Mlango huohuo utumike kwa wale ambao vidole vyao havisomeki.

Tano, mtiririko uruhusiwe kukusanya, kupanga, kukumbusha na kuonya bila idhini ya mtu. Lakini pale matokeo yanapogusa mshahara, likizo au nidhamu, usimame na kusubiri sahihi ya afisa utumishi. Mtumishi naye apewe nafasi ya kuona kumbukumbu zake na kuzipinga kabla mwezi haujafungwa. Jina la aliyeidhinisha na sababu ya marekebisho vihifadhiwe pamoja, ili rushwa iliyotolewa mlangoni isirudi kwa dirishani.

Kanuni hizi haziongezi gharama kubwa. Hali ya tatu ni safu moja zaidi katika jedwali, na kusubiri sahihi ni hatua moja zaidi katika mtiririko. Kinachohitajika ni kwamba anayeandika masharti awe anazifahamu kazi anazoziandikia, naye aghalabu si mtaalamu wa kompyuta peke yake. Afisa utumishi aliyewahi kulisimamia daftari anajua ni maswali gani mstari mwekundu ulikuwa ukiyajibu; maswali hayohayo ndiyo yanayopaswa kugeuzwa kuwa masharti.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa kuunganisha programu za mahudhurio na huduma za wingu kunaweza kuziba mwanya uliowaruhusu watumishi hewa kulipwa, kupunguza kazi ya kunakili madaftari, na kuwalinda wafanyakazi dhidi ya saa zinazozidi kikomo cha sheria. Imeonesha pia kuwa faida hizo hutegemea namna mfumo unavyoshughulikia pengo la taarifa. Kipande cha zamani kilimnyima mfanyakazi siku yake kwa sababu msimamizi hakutia alama. Mfumo wa sasa unaweza kutenda dhuluma ileile kwa sababu mnara wa simu haukuwa hewani, tena kwa haraka zaidi na bila mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo, halmashauri na taasisi zinazoagiza mifumo hii zinapaswa kumuuliza muuzaji, kabla ya bei na kabla ya idadi ya vifaa, mfumo wake huandika nini siku ambayo hakuna taarifa iliyofika. Jibu likiwa ni hayupo, mfumo huo bado haujawa tayari kwa Hombolo.